Kwa nini musurana hafi kwa sumu ya nyoka anaowala

Swali la msomaji: "Nimetazama filamu fupi ya nyoka mweusi wa misitu ya Amerika ya Kusini akimmeza nyoka mwingine mwenye sumu kali, aliyekaribia kulingana naye kwa urefu. Yule aliyekuwa akimezwa alimng'ata mweusi mara kadhaa, lakini mweusi hakuonekana kudhurika. Naomba mtaalamu anieleze inawezekanaje asife, anammezaje mwenzake mrefu namna ile, na ikiwa kweli chakula chake ni nyoka wenye sumu, kwa nini asizalishwe kwa wingi na kuachiliwa huko ambako watu wanaumwa na nyoka?"

Ndugu msomaji,

Kwa maelezo uliyotoa, nyoka uliyemwona ni musurana, ambaye kisayansi huitwa Clelia clelia na aliyeelezewa kwa mara ya kwanza na Mfaransa François Marie Daudin mwaka 1803. Musurana ni jina la Brazil; Costa Rica humwita zopilota. Anao ndugu wa karibu wanaofanana naye mno, wakiwemo wale wa jenasi ya Boiruna, kiasi kwamba hata mwenye uzoefu hulazimika kuchunguza magamba kabla ya kusema kwa yakini ni yupi aliye mbele yake. Filamu nyingi zinazosambaa hazisemi zilipigwa wapi, kwa hiyo huenda uliyemwona alikuwa mmoja wa ndugu hao. Hilo halibadilishi jibu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu namna yao ya kuwinda ni ileile.

Kwa kifupi, musurana hafi kwa sababu damu yake inaweza kuizima sumu ya vipiri (nyoka wenye sumu wa jamii moja na kifutu) wa nchi yake, ila si kila sumu ya nyoka. Humeza windo refu kwa kulikunja ndani ya mwili wake. Ama wazo la kumzalisha na kumwachia, liliwahi kujaribiwa Brazil na halikuzaa matunda. Maelezo marefu yanafuata, na sehemu ya sumu itachukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Musurana huishi katika misitu ya joto yenye mvua nyingi, hasa ya nyanda za chini, kuanzia Amerika ya Kati hadi kaskazini mwa Argentina, na pia katika kisiwa cha Trinidad. Mara nyingi mzima huwa na urefu wa mita 1.5 hadi 2, na wachache hukaribia mita 2.5. Ngozi yake ni nyeusi ya kung'aa, yenye mng'ao wa samawati mwanga unapompiga ubavuni, huku tumbo likiwa jeupe la maziwa. Magamba yake ni laini, macho ni madogo, na kichwa hakikupanuka kuizidi shingo kama kilivyo cha kipiri. Hutembea ardhini, kwa kawaida usiku, akipita chini ya majani makavu, kando ya magogo yaliyooza na kwenye kingo za vijito.

Mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Anapototolewa huwa mwekundu mwili mzima, kichwa ni cheusi, na nyuma ya kichwa kuna ukosi mpana mweupe au wa manjano ambao nao unafuatwa na utepe mweusi shingoni. Kadiri anavyokua, weusi huzidi kuenea mgongoni, ukosi hufifia, na mwishowe haibaki dalili yoyote ya wekundu ule. Rangi hiyo nyekundu ni ya ukoo: ipo kwa jamaa zake wa jenasi za Pseudoboa na Oxyrhopus, na baadhi yao huishi nayo maisha yao yote. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nyoka mdogo mwekundu mwenye nyeusi na nyeupe humtia shaka ndege au mnyama aliyezoea kuwaogopa nyoka-marijani wa misitu hiyohiyo, ambao sumu yao inaua. Ikiwa ndivyo, kinga hiyo ina hasara yake, kwa maana mwanadamu naye humwogopa mtoto huyo na kumponda kichwa.

Tuje kwenye uwindaji. Musurana hutegemea ulimi kuliko macho. Ulimi huokota chembe za harufu ardhini na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilichopo katika kaakaa, na kwa njia hiyo huweza kufuata njia aliyopita nyoka mwingine. Anapomfikia, humshika kwa mdomo popote anapoweza, ingawa hupendelea sehemu ya mbele, na papo hapo hujiviringisha kwenye mwili wa windo na kuanza kubana. Kinachofuata hakionekani vizuri katika filamu iliyopigwa kutoka mbali. Mdomo wake hauachii. Husogea kidogo kidogo kuelekea kichwa cha windo, taya la upande mmoja likitangulia na la upande wa pili likifuata, kama anayetafuna, na kwa kila hatua meno ya nyuma huzama kwenye nyama. Ni huko nyuma ya taya la juu, baada ya safu ya meno madogo na pengo fupi, ndiko ziliko chonge zake mbili kila upande, ndefu kuliko meno mengine na zenye mfereji ubavuni. Mate yenye sumu kutoka kwenye tezi ya Duvernoy huteremka kupitia mfereji huo. Kwa sababu chonge ziko nyuma na hazina tundu la ndani kama sindano, musurana hawezi kuuma na kuondoka kama afanyavyo kipiri. Lazima aendelee kushikilia na kutafuna. Kubana na kutia sumu hufanyika kwa pamoja, na hii ni tabia isiyo ya kawaida, kwa kuwa nyoka wengi hutegemea moja kati ya silaha hizo mbili.

Akifika kichwani, hujaribu kulishika taya la windo kwa namna ya kulizuia lisifunguke, au hukipinda kichwa kando. Hapa ndipo kipiri anapopata nafasi ya kumng'ata, na humng'ata kweli, tena si mara moja. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alionyeshwa pambano la namna hiyo katika Instituto Butantan, taasisi ya utafiti wa sumu za nyoka iliyopo São Paulo, alipopita Brazil mwaka 1913. Kipiri aina ya jararaca aliutia meno yake katika mwili wa musurana, na musurana akaendelea na shughuli yake hadi akammaliza na kummeza. Onyesho hilo lilikuwa la kawaida kwa wageni wa taasisi hiyo katika miaka ya mwanzo.

Umeuliza anammezaje nyoka mrefu kama yeye. Upana si tatizo. Nyoka ni chakula chembamba kisicho na miguu, manyoya wala mabega, na kwa mwindaji ambaye mdomo wake ndio unaoamua ale nini, hakuna mnyama mwingine anayetoa nyama nyingi kiasi hicho kwa kipenyo kidogo hivyo. Panya mwenye uzito uleule angehitaji mdomo mpana mara kadhaa. Nadhani hii ndiyo sababu kuu iliyofanya ulaji wa nyoka ujitokeze katika koo nyingi za nyoka zisizo na undugu wa karibu: fira mkubwa wa Asia, nyoka-mfalme wa Amerika ya Kaskazini, nyoka-marijani na huyu musurana.

Tatizo ni urefu, maana tumbo la mwindaji halienei mwili wake wote. Jambo hili lilichunguzwa kwa eksirei na watafiti wa Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 baada ya kuwalisha nyoka-mfalme nyoka wengine, baadhi wakiwa warefu kuliko wao wenyewe. Ilionekana kwamba mifupa ya kaakaa yenye meno husonga mbele kwa zamu, kushoto na kulia, na kwamba mwindaji mwenyewe hujikunja na kujinyoosha ili kulivuta windo ndani. Uti wa mgongo wa windo hulazimika kujipinda mawimbi mawimbi, mfano wa kamba ndefu inayosukumwa ndani ya mfuko mfupi, na hivyo urefu wake unapungua. Umio na tumbo la mwindaji navyo vinavutika kwa kiasi kikubwa, wala windo halisukumwi kuingia katika utumbo. Uchunguzi huo haukumhusu musurana mwenyewe, lakini maungo yanayofanya kazi hiyo ni yaleyale kwake, na picha za eksirei ndizo zilizotuonyesha kinachotendeka mahali ambapo macho hayafiki. Humeza akianzia kichwani, kwani magamba ya windo yanaelekea nyuma na huteleza vizuri kwa upande huo.

Sumu sasa. Kwanza tuondoe hofu ambayo wengi wanayo, kwamba kula nyoka mwenye sumu ni sawa na kunywa sumu. Sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini. Ikifika tumboni, humeng'enywa kama nyama nyingine, na tezi zilizojaa sumu huliwa pamoja na kichwa bila ya madhara yoyote. Hatari ipo pale sumu inapoingia mwilini kwa njia ya jeraha. Kwa hiyo swali halisi ni la yale meno ya kipiri yaliyozama ubavuni mwa musurana wakati wa pambano.

Vipiri wanaoliwa na musurana ni hasa wa jenasi ya Bothrops: jararaca wa kusini mwa Brazil, Bothrops asper wa Amerika ya Kati, na wengine. Hawa wana kitundu cha kuhisi joto kati ya jicho na pua, chonge ndefu zinazokunjuka, na sumu iliyojaa vimeng'enya, yaani protini zinazokata au kubadili vitu vingine mwilini. Vimeng'enya vya kundi moja, ambavyo hutegemea madini ya zinki, huikata ile tandiko nyembamba inayozishikilia kuta za mishipa midogo ya damu, hivyo damu huvuja ndani ya nyama. Vingine huvuruga kuganda kwa damu, na vingine, jamii ya fosfolipesi, huharibu misuli moja kwa moja. Mtu aliyeumwa huvimba, huvuja damu, na asipotibiwa anaweza kupoteza kiungo au maisha.

Kimeng'enya, hata kiwe kikali kiasi gani, lazima kiguse kitu ambacho kinakikata. Protini nyingine ikitangulia kukishika na kukaa mahali pake pa kufanyia kazi, kimeng'enya hicho hakina kazi tena. Hiyo ndiyo kinga ya musurana. Katika sehemu ya majimaji ya damu yake zinazunguka protini zinazoshikamana na sumu ya Bothrops na kuizima kabla haijaleta uharibifu mkubwa. Kinga hii ni ya kurithi, si ya mazoea. Musurana haipati kwa kuumwa mara nyingi kama wengi wanavyodhani. Watafiti wa Costa Rica walilionyesha jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980: musurana waliodungwa sumu ya Bothrops asper waliistahimili, na serumu iliyotokana na damu yao iliweza kuwakinga panya wa maabara dhidi ya sumu hiyohiyo. Kwa hiyo hakuna ngozi ngumu, wala mafuta maalumu, wala kwamba meno ya kipiri hayamfikii. Yanamfikia, na sumu inaingia.

Wala musurana si wa pekee katika hili. Oposamu wa Amerika, mnyama mwenye mfuko ambaye naye hula nyoka, ana protini za aina hiyo katika damu yake. Hata jararaca mwenyewe anazo, na pengine hapo ndipo penye asili ya mantiki yote, maana mnyama anayehifadhi sumu kichwani mwake na kuishi na wenzake wenye sumu ileile anahitaji kujikinga na ajali za nyumbani mwake.

Lakini jaribio lile la Costa Rica lilikuwa na upande wa pili, ambao katika filamu za kusisimua hausemwi. Musurana walipopimwa kwa sumu ya nyoka-marijani, Micrurus nigrocinctus, hawakuonyesha ustahimilivu wa namna ile. Nyoka huyo ni mwembamba, mara nyingi hafikii mita moja, na kwa macho ya mtu asiyejua angeonekana mpinzani dhaifu kuliko kipiri mnene wa mita moja na nusu. Tofauti iko katika aina ya sumu. Sumu ya nyoka-marijani ina molekuli ndogo ambazo hazikati kitu. Huenda moja kwa moja kwenye vipokezi vilivyopo pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, na kuvikalia. Amri ya kusinyaa haifiki tena kwenye msuli, na mnyama hupooza mpaka misuli ya kupumua inasimama. Protini zilizoundwa kuvishika vimeng'enya vya Bothrops haziwezi kuzishika molekuli hizo.

Wanyama wanaostahimili sumu ya kupooza mara nyingi hutumia njia nyingine kabisa, ambayo ni kubadilika kwa kipokezi chenyewe. Nguchiro ni mfano unaofahamika. Katika kipokezi chake cha misuli yametokea mabadiliko machache tu, na kwa hayo sumu ya fira hushindwa kukaa mahali pake wakati ujumbe wa kawaida wa mshipa wa fahamu unaendelea kupita. Fira wa Misri naye hujilinda dhidi ya sumu yake mwenyewe kwa namna inayokaribiana na hiyo, ila kwake ni kipande cha sukari kilichoning'inizwa kwenye kipokezi kinachoziba njia. Hivyo, mtu akisema "nyoka huyu ana kinga ya sumu", swali linalofaa kufuata ni: sumu ipi?

Swali hilohilo ndilo lililojenga tiba ya binadamu. Mwishoni mwa karne ya 19 Albert Calmette wa Ufaransa alitengeneza serumu dhidi ya sumu ya fira, na kwa muda ilidhaniwa ingefaa kwa kila nyoka. Daktari Vital Brazil, aliyekuwa akiwatibu watu walioumwa katika mashamba ya jimbo la São Paulo, aliijaribu dhidi ya sumu za jararaca na za nyoka-njuga wa nchi yake, akaona haifai. Akaonyesha kwamba kila kundi la sumu linahitaji serumu yake. Instituto Butantan, iliyoanza rasmi mwaka 1901 chini ya uongozi wake, ilijengwa juu ya hoja hiyo. Yeye ndiye pia aliyemtambulisha musurana kwa umma, na noti ya Brazil ya cruzeiro 10,000 iliyotolewa mwaka 1991 ilibeba sura yake upande mmoja, na upande wa pili nyoka akimmeza nyoka mwenzake.

Kinga ya musurana ina kikomo hata kwa sumu anayoistahimili. Protini hizo zipo kwa kiasi maalumu, na sumu nyingi kupita kiasi inaweza kuzielemea. Ndiyo maana tabia yake ya kuwinda haijapuuza tahadhari: bado hulishika taya, bado hubana haraka, bado hukikimbilia kichwa. Mnyama asiyejali kabisa kuumwa asingehitaji kujisumbua hivyo.

Kabla ya kufikia swali lako la tatu, lipo jambo moja katika maelezo yako ambalo ningependa kulisahihisha kwa upole. Umesema chakula chake ni nyoka wenye sumu. Matumbo ya musurana waliochunguzwa yanaonyesha nyoka, ndiyo, lakini kati yao wamo wengi wasio na sumu ya kumdhuru mtu. Wamo pia mijusi, panya na wagugunaji wengine wadogo. Wangali wadogo, mijusi ni chakula cha kawaida kwao. Musurana hafanyi ubaguzi kwa kuangalia hatari ya windo kwa binadamu. Hufuata harufu ya kitu anachoweza kukizidi nguvu na kukimeza, na katika misitu mingi ya Amerika ya Kati na Kusini, Bothrops ni miongoni mwa nyoka wakubwa wanaopatikana kwa wingi, hivyo huangukia katika mlo wake mara kwa mara. Mwenye kinga dhidi ya windo ambalo wengine hulikwepa ana chakula ambacho hana wa kugombania naye sana. Hiyo ni faida yake yeye, na ikimnufaisha mkulima ni bahati ya mkulima.

Mkulima, hata hivyo, aliiona bahati hiyo zamani. Katika sehemu kadhaa za Amerika ya Kusini wapo wenye mifugo waliomwacha musurana apite uani bila ya kumgusa, wakijua kwamba ng'ombe wanaoumwa na jararaca hufa. Brazil ilikwenda mbali zaidi, ikajaribu kuwazalisha na kuwaachia ili wapunguze vipiri. Jaribio hilo halikufanikiwa, na ukitazama maumbile ya nyoka hawa wawili huhitaji kushangaa.

Anza na uzazi. Bothrops asper huzaa watoto walio hai, na Costa Rica kumerekodiwa jike mmoja aliyezaa watoto 86 kwa mkupuo mmoja. Hata wastani wa upande wa Atlantiki wa nchi hiyo ni takriban 40. Watoto hao huzaliwa wakiwa tayari na sumu na huanza kuwinda vyura na mijusi mara moja. Musurana hutaga mayai, kwa kawaida yapatayo kumi hadi ishirini, kisha huyaacha mahali penye unyevu na joto yajitotolee. Hata mayai yote yangetotolewa, hesabu haiwezi kulingana. Isitoshe, mwindaji wa ngazi ya juu siku zote huwa mchache kuliko mawindo yake, na musurana ni mchache kweli: watafiti wanaofanya kazi katika misitu hiyo hukutana na vipiri wengi kabla ya kukutana na musurana mmoja. Nyoka hula kwa nafasi. Akimeza kipiri mkubwa hukaa siku nyingi bila ya kutafuta kingine, kwa hiyo huwezi kumpangia kazi ya kusafisha shamba kwa juma moja. Na kumlisha kifungoni kwa chakula anachokipenda kunahitaji nyoka wengine kila mara, jambo ambalo linaufanya mradi mzima kuwa mzigo mzito kabla hata nyoka mmoja hajaachiliwa.

Kisha kuna suala la mahali. Bothrops asper hustawi katika mashamba ya ndizi na ya kakao kwa sababu panya wapo tele na majani yaliyoanguka humficha. Musurana huonekana pia katika misitu iliyokatwa na kuota upya, lakini hutegemea zaidi unyevu, magogo na wingi wa nyoka wa aina mbalimbali. Msitu ukifyekwa, anayepoteza kwanza ni yeye. Ukimwachia katika shamba la ndizi, una hakika gani kwamba hatahama, au kwamba hatawala nyoka wasio na sumu waliokuwa wakila panya walewale wanaowavuta vipiri?

Kinachookoa maisha huko ni serumu. Costa Rica, ambayo Instituto Clodomiro Picado yake imekuwa ikitengeneza serumu tangu mwaka 1970, imepunguza sana vifo vitokanavyo na nyoka, na vipiri bado wapo msituni kama zamani.

Kuhusu usalama wako mwenyewe, endapo utamkuta: musurana ni mpole kwa mtu, na mara nyingi hata akishikwa hang'ati. Lakini mate yake yana sumu, na wapo watu, hasa watoto, waliovimba na kutoka michubuko baada ya kung'atwa naye kwa muda mrefu. Tena, nyoka weusi wa misitu hiyo ni wengi, na mtu aliyeumwa usiku na nyoka asiyemtambua vyema hapaswi kujituliza kwa kudhani alikuwa musurana, aende hospitali.

Kuhusu wazo la kuingiza mwindaji mahali pasipo pake, historia ya Karibi ina funzo kali. Nguchiro wa Asia walipelekwa Jamaica mwaka 1872 ili wawamalize panya wa mashamba ya miwa, na baadaye wakasambazwa katika visiwa vingine, ambako kwa baadhi ya watu lengo lilikuwa pia nyoka. Nguchiro huwinda mchana, ilhali panya na vipiri hutembea zaidi usiku, na walioangamia zaidi walikuwa mijusi, ndege wanaotaga ardhini na nyoka wasio na sumu. Musurana kuachiliwa katika nchi yake ya asili si sawa na hilo, lakini akipelekwa nje ya eneo lake angekuwa mgeni kama nguchiro. Clelia clelia leo yumo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, maana yake biashara ya kimataifa ya nyoka huyu inahitaji vibali.

Kuna mfano mmoja ambao naona unalijibu swali lako la tatu kuliko hoja zote nilizotoa. Katika kisiwa cha Saint Lucia waliishi kwa muda mrefu kipiri wa huko, Bothrops caribbaeus, na musurana wa huko, pasipo mtu yeyote kuwaleta wala kuwazalisha. Musurana huyo alipewa jina la kisayansi, Clelia errabunda, na Garth Underwood mwaka 1993, kwa kutumia vielelezo vilivyohifadhiwa, kwani kisiwani hakuwepo tena hata mmoja aliye hai. Kipiri wa Saint Lucia yupo hadi sasa, na watu wa kisiwa hicho bado wanatibiwa majeraha ya meno yake.